Mishumaa ya Bei

Mvuvi wa Rongui hutazama mawingu kabla ya kutweka tanga. Mwenye hisa naye yampasa atazame mishumaa.

Kuchora bei kwa mfano wa mshumaa kulianza kwa wafanya biashara ya mchele wa Japani. Kila mshumaa ni siku moja. Mwili wake watoka bei ya kufungulia soko hata bei ya kufungia. Tambi zake, ya juu na ya chini, zaonyesha bei kubwa na ndogo za siku ile. Bei ikipanda, mwili ni mweupe, ikishuka, mweusi.

Bei iliyopanda siku nyingi ikitaka kugeuka, huenda ikatoa dalili. Ya kwanza ni nyota inayoanguka: mwili mdogo chini, utambi mrefu juu. Maana yake, wanunuzi waliipandisha bei, wauzaji wakairudisha kabla ya soko kufungwa. Ya pili ni mshumaa mweusi unaoumeza mwili wa mweupe wa jana: wauzaji wamefuta kazi yote ya wanunuzi.

Lakini si kila wingu huleta mvua. Ngoja mshumaa wa kesho. Ukifunga chini zaidi, dalili imepata nguvu.

Hisa ya Safaricom katika soko la Nairobi ilipita shilingi 40 mwaka 2021. Mwisho wa 2023 ilikuwa chini ya 15. Aliyenunua kileleni, kwa kufuata wenzake tu, fedha yake ilipungua zaidi ya nusu. Mshumaa usingeweza kumwambia bei itashuka kadiri gani. Ungeweza kumwambia neno moja tu: simama kwanza, utazame.