Vibali na Masharti ya Ufungaji wa Sola za Majumbani: Mfano wa Masasi na Newala

Makala haya yanafafanua masharti yanayotawala ufungaji wa mifumo ya umeme wa jua majumbani katika wilaya za Masasi na Newala, mkoani Mtwara. Swali la msingi ni hili: mwenye nyumba anayetaka kufunga sola anapaswa kuomba kibali kwa nani? Jibu hutegemea mambo matatu, yaani ukubwa wa mfumo, uhusiano wake na gridi, na mahali nyumba ilipo.

Kuhusu ukubwa, Sheria ya Umeme ya 2008 haiwalazimishi wazalishaji walio chini ya megawati 1 kuwa na leseni ya uzalishaji. Megawati 1 ni wati 1,000,000, ilhali mfumo wa kaya huhesabiwa kwa makumi au mamia ya wati. Hivyo, mwenye nyumba hahitaji leseni hiyo. Anayehitaji leseni ni fundi, kwa kuwa kazi ya kufunga mifumo ya umeme hufanywa na mtu aliyepewa leseni na EWURA. Ubora wa paneli, betri na vidhibiti chaji nao husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Masharti hubadilika pale mfumo unapounganishwa na gridi. Kanuni za mwaka 2018 kuhusu upimaji wa umeme unaoingia na unaotoka humruhusu mteja kupeleka ziada kwenye gridi, lakini baada ya kuomba na kuingia mkataba na msambazaji, ambaye hapa ni TANESCO. Sharti hili lina sababu ya kiusalama: umeme unaorudi kwenye nyaya bila taarifa unaweza kumuua fundi anayeamini kuwa laini imezimwa.

Kuhusu mahali, wilaya hizi zina halmashauri za mji na za wilaya. Kibali cha ujenzi hutolewa na halmashauri kwa ajili ya jengo. Kwa hiyo, suala la sola huiangukia halmashauri hasa pale ufungaji unapobadili jengo lenyewe, kama vile kuinua paa au kusimamisha nguzo.

Kwa muhtasari huu, kaya isiyounganishwa na gridi hufunga sola pasipo ofisi yoyote kukagua kazi iliyofanyika. Pengo hili lina uzito wa pekee Newala. Tofauti na Masasi, iliyoko chini kwenye vilima vya mawe, Newala iko juu ya Uwanda wa Makonde, ambako maji ya ardhini yako kina kirefu na kaya huvuna mvua kutoka kwenye mabati. Paa ni chanzo cha maji kabla ya kuwa kituo cha umeme. Bati lililotobolewa ovyo hupoteza maji, na betri ya risasi na asidi iliyochakaa ikitupwa kando ya kisima cha kuhifadhia mvua huhatarisha maji hayo.

Inahitimishwa kuwa tatizo si wingi wa vibali, bali ni ukaguzi usiofika nyumbani. Kudai kibali kipya kwa kila kaya kungeongeza gharama kwa mkulima anayesubiri malipo ya korosho. Sheria ndogo ya halmashauri inayodai fundi mwenye leseni, na inayotenga mahali pa kurejeshea betri chakavu, ingeziba pengo hilo kwa gharama ndogo zaidi.