Muuguzi na Mgonjwa Aliyepandisha

Katika vijiji vya Masasi na Newala, binti akianguka ghafla, akatoa sauti isiyo yake na asiwatambue wazaziwe, jamaa husema kapandisha mashetani. Naye akifikishwa hospitali, ama Mkomaindo mjini Masasi, ama Newala juu ya uwanda wa Makonde, muuguzi ampokeaye hana haja ya kubishana na jamaa kama ni jini au si jini, kwa kuwa lililo juu yake ni kujua iwapo mwili huu u salama, na kilichozitenga fahamu hizi na mwenyewe ni nini.

Na aanze na mwili, maana malaria iliyopanda kichwani, sukari iliyoshuka, kifafa na jeraha la kichwa vyote huweza kuleta hali kama hiyo. Joto, mapigo, shinikizo la damu, tone la damu kidoleni: hayo hayangoji. Kisha atazame macho. Mwenye kifafa, katika degedege lake, aghalabu huyaacha wazi, na huenda ulimi ukawa umeng'atwa ubavuni. Ilhali yule aliyetengwa na fahamu zake kwa dhiki ya nafsi aghalabu huyafumba kwa nguvu, hata kope zikakataa kidole kinachojaribu kuzifunua. Lakini mtu mmoja aweza kuwa na maradhi yote mawili. Na asiye na kifafa hajifanyi, hivyo kumfinya au kumpiga makofi ili azinduke ni dhuluma tupu.

Akishatulia, jamaa wasubiri nje, aulizwe kwa upole: hali hii humjia bila hiari yake? Husahau yaliyopita? Amepata kuwaza kujidhuru? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kuainisha magonjwa, ulioanza kutumika mwaka 2022, unautambua ugonjwa wa kupagawa, ila kwa sharti kwamba hali hiyo iwe nje ya hiari, ilete dhiki au iharibu maisha, na isiwe sehemu ya ngoma au ibada inayokubaliwa na jamii. Kwa hiyo mama apandishaye ngomani kwa ridhaa yake, na kesho akaamkia mikorosho yake, si mgonjwa. Na mgonjwa akiwa ni miongoni mwa waliovuka mto Ruvuma wakikimbia vita vya Cabo Delgado, Msumbiji, vilivyozuka mwaka 2017, asilazimishwe kusimulia aliyoyaona. Aachiwe aseme kadiri moyo wake unavyostahimili.

Mwisho muuguzi aandike alichokishuhudia: alifumba macho kwa muda gani, aliitikia jina lipi, nani alikuwapo, alipozinduka aliomba nini. Hayo ndiyo yatakayomfaa daktari, kuliko neno "kapagawa" peke yake.