Arobaini ya Mzazi Si ya Mwili Peke Yake

Mwanamke ajifunguapo hapa Mombasa, wazee humwekea arobaini. Hukandwa kwa maji ya moto, hunyweshwa uji wa pilipili manga na huepushwa na kazi nzito. Desturi hii haikukosea hesabu: madaktari nao hutaja wiki 6, yaani siku 42, ili kizazi kirejee hali yake na damu ikome.

Lakini moyo wa mzazi hukandwa na nani? Kiasi cha siku ya 3, maziwa yajapo, wengi hulia bila sababu. Hilo ni la kawaida, nalo hupita kabla ya wiki 2. Likizidi hapo, akawa hapati usingizi hata mtoto alalapo, hayo ni maradhi. Si deko wala shetani, na hutibika.

Katika ghorofa za Ganjoni, ambako huenda mama yake yuko mbali na jirani ni wa salamu tu, nani atamtambua? Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mfanyakazi likizo ya miezi 3. Haimpi wa kuzungumza naye. Walimu wenzangu, mwenzenu akijifungua, msimpelekee kanga na sabuni tu. Muulizeni, "Mwenyewe wajionaje?" Kisha ketini mumsikilize.