Mbuyu na Bamia: Ndugu Waliotenganishwa Vitabuni

Mbuyu na bamia ni wa familia moja, Malvaceae, pamoja na pamba, msufi, mkole na kakao. Aliyesoma botania miaka ya 1980 hakufundishwa hivyo. Wakati ule mbuyu na msufi ilikuwa Bombacaceae, mkole Tiliaceae, kakao Sterculiaceae. Bamia na pamba tu ndizo zilizokuwa Malvaceae.

Carl Linnaeus wa Sweden, katika kitabu chake cha mwaka 1753, aliigawa mimea katika madaraja 24, hasa kwa kutazama stameni za ua: ni ngapi, na zimekaaje. Mfumo huo ulimfaa msafiri aliye porini na ua mkononi, ila uliweka pamoja mimea mingi isiyo na undugu wowote. Mfaransa Michel Adanson, aliyefika Senegal mwaka 1749 na kuichunguza mibuyu ya huko, aliupinga. Mwaka 1763 alichapisha kazi iliyodai kwamba mmea upimwe kwa sifa zake zote, si kwa kiungo kimoja. Hata hivyo ni Linnaeus aliyeuita mbuyu Adansonia, kwa heshima ya mpinzani wake huyo.

Wataalamu waliofuata walishika njia ya Adanson, na walifanya vyema. Lakini kwa mbuyu njia hiyo iliwapoteza. Stameni za mbuyu zimeungana kuwa mrija, kama za bamia, na kwa sababu hiyo Linnaeus aliiweka mimea hiyo miwili daraja moja. Waliopima sifa nyingi waliona tofauti: mbuyu ni mti, jani lake limegawanyika kama vidole, na chavua yake haifanani na ile ya pamba. Wakaitenga.

Baadaye Darwin alieleza kwamba upangaji wa kweli ni wa nasaba, yaani nani ametokana na nani. Kilichokosekana ni ushahidi. Ulipatikana katika vinasaba: mwaka 1993 Mark Chase na wenzake walilinganisha jeni moja katika spishi 499 za mimea yenye mbegu, na mwaka 1998 kundi la wanabotania lijulikanalo kama APG likatoa mpangilio mpya wa familia za mimea itoayo maua. Kanuni yao ni kali: kundi halali lazima liwe na wazao wote wa mhenga mmoja. Familia zile za zamani hazikustahimili kipimo hicho. Kakao, kwa mfano, ilionekana kuwa karibu zaidi na mkole kuliko na mgude, uliokuwa nayo katika Sterculiaceae.

Wapo wanaochoshwa na majina yanayobadilika, na kwa mwenye kabati la vielelezo elfu kumi kazi ya kuyafuata si ndogo. Mimi naona inastahili, kwa kuwa mara nyingi wadudu na magonjwa hufuata undugu huo. Kangambili, mdudu anayeharibu pamba, hula pia mbegu za mbuyu na bamia. Kakao ilipoletwa Afrika Magharibi kutoka Amerika, ilishikwa na virusi vya kuvimba kwa machipukizi, ambavyo tayari viliishi katika miti ya huko, mibuyu na misufi ikiwemo. Kwa mpangilio wa zamani, virusi hivyo vilivuka kutoka familia moja hadi nyingine. Kwa mpangilio wa sasa, anayetafuta mahali ugonjwa wa kakao unapojificha anajua aanze na miti ipi.