Migodi ya Gumegume (2): Thamani ya Jiwe la Chini

Juma lililopita tulieleza jinsi wakulima wa kale wa Ulaya walivyochimba gumegume. Leo tuulize walichokuwa wakikitafuta huko chini. Jibu la haraka ni kwamba walihitaji mashoka ya kufyekea misitu. Ni kweli, lakini halitoshi.

Tutazame Grimes Graves, katika jimbo la Norfolk, mashariki mwa Uingereza. Kuanzia takriban mwaka 2600 KK, watu walichimba hapo zaidi ya mashimo 400, mengine yakifika kina cha mita 12 hivi. Wakiteremka, walikuta matabaka mawili ya gumegume, wakayapita. Walichokitaka ni tabaka la tatu, lenye jiwe jeusi na safi, na walipolifikia walitoboa njia za kutambaa ndani ya mwamba wa chaki ili kulifuata. Ilhali gumegume ya kutengenezea zana za kawaida iliokotwa juu ya ardhi katika nchi hiyohiyo. Mwenye haja ya kisu tu asingejitia katika hatari hiyo.

Naamini jiwe lilipata heshima kutokana na kina lilikotolewa na jasho la waliolitoa. Kazi yenyewe ilikuwa ya jamii nzima. Sururu zao zilikuwa pembe za kulungu wekundu, nyingi zikiwa zimeanguka zenyewe kwa msimu wake, kwa hiyo zilikusanywa na kuwekwa akiba mapema. Kisha walihitajika wachimbaji, wabebaji wa kifusi na wa kuwalisha wote hao. Wapo wanaakiolojia wanaofikiri kwamba kushuka shimoni kulikuwa pia sehemu ya kumfanya kijana ahesabiwe mtu mzima.

Mchungaji William Greenwell, aliyefukua shimo moja hapo kati ya 1868 na 1870, alikuta ndani yake shoka lililosuguliwa ambalo si la gumegume. Jiwe lake ni la Cornwall, upande wa pili kabisa wa nchi. Watu waliokuwa wamekaa juu ya hazina ya mawe walithamini shoka la mbali, wakaliteremsha mgodini na kuliacha humo. Hapo hesabu ya faida peke yake haitufikishi mbali.

Ushahidi kama huo upo Krzemionki, Poland, mgodi ulioingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2019. Gumegume yake ina michirizi ya kupendeza, na michirizi haiongezi makali. Hata hivyo mashoka yake yalisafiri zaidi ya kilomita 600, na mengine yalizikwa pamoja na wafu.

Lakini tusishabikie kila kinachoitwa ishara. Sanamu ya chaki ya mwanamke iliyotangazwa kupatikana Grimes Graves mwaka 1939 ilisifiwa kuwa mungu wa wachimbaji, na leo wataalamu wengi wanashuku kuwa ilitengenezwa na kupachikwa humo. Hoja yetu haiihitaji. Matabaka yaliyorukwa, shoka la Cornwall na makaburi ya Poland vinatosha kuonyesha kwamba kwa watu hawa kazi, heshima na imani havikutenganishwa.

Juma lijalo tutakwenda Spiennes, Ubelgiji, ambako mashimo yanafika mita 16, tuone jinsi wachimbaji walivyorithishana ufundi huo.