Kituo cha kuchaji magari kwenye jumba la maduka: Uliza kabla mitaro haijachimbwa

Kutoka Nairobi hadi jijini Nakuru ni takriban kilomita 160. Gari dogo la umeme lenye betri ya yuniti 40 likiondoka Nairobi limejaa, hufika hapa likiwa limetumia zaidi ya nusu ya chaji. Anayeendelea hadi Eldoret bado ana mwinuko wa Mau Summit na Timboroa mbele yake. Ndiyo maana Nakuru ni mahali pa kusimama na kuchaji, na ndiyo maana wenye majumba ya maduka wana sababu ya kutaka vituo vya kuchaji kwenye maegesho yao.

Makala haya yanaeleza jinsi kituo kama hicho kinavyopangwa, nani huidhinisha nini, na ni wakati gani mkazi anaweza kusema neno likasikika. Kituo cha kuchaji si soketi ya kubandikwa ukutani. Ni mzigo mkubwa wa umeme na ni matumizi ya ardhi, kwa hivyo kinamhusu pia jirani asiye na gari.

Kwa nini kwenye jumba la maduka?

Gari la petroli hujazwa kwa dakika chache, lakini la umeme huhitaji muda. Mwenyewe anaponunua bidhaa au kula chakula cha mchana, gari lake linaendelea kuchaji. Isitoshe, jumba la maduka tayari lina walinzi, taa, vyoo na maegesho.

Muda wa kuchaji hutegemea chaja. Chaja ya kawaida ya kilowati 7 hujaza betri ya yuniti 40 kwa takriban saa 6. Yuniti hizi ni zile zile unazonunua kwa tokeni nyumbani. Chaja ya kasi ya kilowati 50 inaweza kufikisha betri hiyo asilimia 80 kwa muda wa saa moja hivi, kisha kasi hupunguzwa ili kulinda betri. Chaja ya kasi humfaa msafiri, na ya kawaida humfaa mfanyakazi anayeegesha kutwa nzima. Mpango mzuri huwa na zote mbili.

Plagi nazo hutofautiana. Magari ya Nissan Leaf yaliyotumika kutoka Japani huchajiwa kwa kasi kwa plagi ya CHAdeMO, magari mengine mengi hutumia CCS2, na yaliyoundwa kwa soko la Uchina hutumia GB/T. Kituo chenye plagi ya aina moja tu kitawarudisha wateja wengi.

Je, umeme wa mtaa utatosha?

Hili ndilo swali linalowahusu majirani zaidi. Birika la umeme hula takriban kilowati 2. Chaja moja ya kasi ya kilowati 50 ni sawa na birika 25 zikichemka kwa pamoja. Chaja nne za aina hiyo ni kilowati 200, mzigo unaoweza kumaliza nguvu yote ya transfoma ya kVA 200, ambayo kwa kawaida huhudumia nyumba na biashara nyingi.

Kwa hivyo, mwenye jumba anapaswa kuwasilisha hesabu ya mzigo kwa Kenya Power kabla ya kununua chaja. Jibu linaweza kuwa transfoma ya kituo peke yake, au mtambo wa kugawa umeme ambao hupunguza kasi ya kila chaja magari yakiwa mengi. Paneli za jua juu ya maegesho husaidia, lakini tusizitarajie kufanya kila kitu. Paneli zinazofunika nafasi 20 za kuegesha huweza kutoa takriban kilowati 50 jua likiwa la utosi, yaani chaja moja ya kasi.

Kuhusu bei, mwaka 2023 Mamlaka ya Udhibiti wa Kawi na Petroli, EPRA, iliidhinisha kima maalum cha umeme wa kuchaji: KSh 16 kwa yuniti saa za kawaida na KSh 8 saa zenye matumizi madogo, kabla ya kodi na tozo. Kima hicho kiliwekewa kikomo cha yuniti 15,000 kwa mwezi, ambazo zinatosha kujaza betri za yuniti 40 mara 12 hivi kwa siku. Hiyo ndiyo bei anayolipa mwenye kituo. Dereva atalipa zaidi, kwa kuwa kuna gharama za mitambo na faida. Ni vyema bei hiyo ibandikwe kituoni.

Bodaboda wasisahaulike

Magari mengi ya umeme nchini ni pikipiki. Mwendesha bodaboda hawezi kukaa saa kadhaa akisubiri betri ijae, kwa hivyo wengi hubadilisha betri iliyoisha kwa iliyojaa na kuondoka kwa dakika chache. Mpango unaotenga nafasi za magari pekee unawaacha nje wanaotumia umeme zaidi kila siku. Kabati la kubadilishia betri halihitaji nafasi kubwa, lakini linahitaji mahali ambapo pikipiki zinaingia na kutoka bila kukatiza njia ya wanaotembea kwa miguu.

Usalama na maegesho

Kazi ya nyaya ifanywe na mafundi wenye leseni ya EPRA. Kila chaja iwe na kitufe cha kuzima kwa dharura, ikingwe isigongwe na magari, na isiwekwe mahali ambapo maji ya mvua hutuama. Betri ya lithiamu ikishika moto huhitaji maji mengi na inaweza kuwaka tena baada ya kuzimwa. Kwa sababu hiyo, ni salama zaidi kuweka kituo mahali pa wazi ambapo gari la zimamoto linafika, kuliko katika maegesho ya chini ya ardhi. Walau nafasi moja iwe pana ya kumtosha mtu anayetumia kiti cha magurudumu.

Nani huidhinisha, na wewe unasema lini?

Kenya Power huunganisha umeme, na EPRA hudhibiti bei ya umeme huo na leseni za mafundi. Kaunti husimamia mipango ya ardhi na maegesho. Chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, hakuna anayeruhusiwa kuanza ujenzi bila idhini ya kaunti. Anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi KSh 500,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi 2, au vyote viwili.

Sheria hiyo inamtaka mwombaji autangazie umma mradi wake, na tangazo hilo hualika pingamizi. Soma tangazo hilo kwa makini. Mwombaji asipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, huchukuliwa kuwa amepata idhini, hivyo maoni yanayochelewa yanaweza kufika mambo yakiwa yamekwisha. Asiyeridhika na uamuzi ana siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti ya rufaa za mipango ya ardhi.

Maswali ya kuuliza ukiona tangazo

- Chaja ni ngapi, na jumla ya mzigo ni kilowati ngapi?
- Je, kituo kitakuwa na transfoma yake?
- Ni plagi za aina gani zitakazokuwepo?
- Bodaboda wametengewa wapi?
- Gari la zimamoto litaingilia wapi?
- Foleni ya magari yanayosubiri itaishia ndani ya uwanja au barabarani?

Andika maoni yako, taja mradi na mahali ulipo, eleza jinsi unavyokuathiri, kisha uyapeleke katika afisi ya kaunti ya mipango ya ardhi. Hifadhi nakala yenye muhuri na tarehe ya kupokelewa. Mwakilishi wa wadi yako pia anaweza kukuelekeza.