Jinsi ya kuzuia seva isizidiwe wanafunzi wanapojisajili

VYUO vikuu vya Embu na Meru ni wanachama wa KENET, mtandao wa elimu ulioanzishwa 1999 na ambao huwapa wanachama wake huduma ya seva pepe.

Seva pepe ni sehemu ya kompyuta kubwa iliyogawanywa. Ni mithili ya mfereji utokao Mlima Kenya: kila shamba lina mgao wake. Hapa mgao ni wa kichakato, kumbukumbu na diski.

Kichakato kikizidiwa, kurasa hukawia. Kumbukumbu ikiisha, mfumo wa Linux huikatiza programu, kwa kawaida ile inayotumia kumbukumbu nyingi, kama vile hifadhidata. Diski ikijaa, rekodi mpya hazihifadhiwi, na mwanafunzi anayejisajili siku ya mwisho huachwa nje.

Msimamizi anashauriwa kukagua hali kila siku kwa amri za top, free na df, na kuchukua hatua kabla diski haijajaa. Katika top, alama ya st huonyesha muda wa kichakato uliochukuliwa na majirani. Ukiwa mwingi, kuongeza kumbukumbu hakutasaidia. Aombe kuhamishiwa kompyuta nyingine.